Kabla ya Mkasi: Barua ya Wazi kuhusu Mafunzo ya Wachora Violezo vya Nguo

Kwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar, na wakuu wa vyuo vyote vinavyofundisha ushonaji nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Barua hii inaleta mbele yenu ombi moja, nalo ni kwamba kazi ya kuchora violezo vya nguo itambuliwe kuwa fani inayojitegemea, yenye mtaala wake, muda wake wa mafunzo, mtihani wake na cheti chake, badala ya kuendelea kuhesabiwa kuwa mada mojawapo ndani ya somo la ushonaji. Kiolezo, ambacho mafundi mitaani hukiita pateni, ni mchoro wa karatasi au wa kompyuta unaoonyesha umbo la kila kipande cha nguo kabla hakijakatwa, pamoja na akiba ya mshono, alama za kukutanisha vipande, na mstari unaoelekeza kipande kilazwe vipi juu ya kitambaa. Mchora violezo ndiye anayeuchukua mwili wa binadamu, ambao una mabonde na vilima vyake, akaugeuza kuwa vipande bapa ambavyo vikishonwa vinarudia umbo lilelile. Na kwa kuwa kitambaa kikishakatwa hakiungiki bila kuacha kovu, makosa mengi ambayo mvaaji huyaona mbele ya kioo huwa yamekwisha kutendeka kabla cherehani haijaguswa.

Chanzo cha kazi hii kutoonekana si kigumu kukieleza. Kwenye kibaraza cha fundi mmoja, anayepima ndiye anayechora, ndiye anayekata, ndiye anayeshona na kupiga pasi, kwa hiyo mteja haoni mpaka kati ya kazi moja na nyingine, na fundi mwenyewe akiulizwa kazi yake husema anashona. Kiwandani mambo huwa tofauti: mshonaji hupewa vipande vilivyokwisha kukatwa, mkataji hupewa ramani ya kukatia, na ramani hiyo huwa imetoka kwa mtu wa tatu ambaye huenda hajawahi kukanyaga sakafu ya cherehani. Kwenye maonyesho ya mavazi, mbunifu hutoka mwishoni akapunga mkono na kupigiwa makofi, ilhali aliyeufanya mchoro wake uwe nguo inayopita kichwani na kukaa begani hatokezi hata mlangoni.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuiona fani hii kuwa jambo geni lililoletwa na viwanda. Kanzu ya pwani ni hati ya ufundi wa violezo iliyohifadhiwa ndani ya lugha. Kipande cha mbele na cha nyuma huitwa badani. Vipande vya ubavuni, vinavyoanza vyembamba karibu na kwapa na kupanuka kuelekea chini ili mvaaji apate kupiga hatua, huitwa taharizi. Kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono huitwa kikwapa. Kitambaa kinachoimarisha shingo huitwa kaba. Na upindo wa mwisho wa mkono huitwa sijafu. Anayesoma majina haya kwa utulivu ataona kwamba kila jina linataja tatizo lililotatuliwa. Kikwapa, kwa mfano, kipo kwa sababu nguo iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka humfunga mvaaji anapoinua mkono: badani hupanda juu yote, na mshono wa kwapa huchanika ukivutwa mara nyingi. Kipande cha pembe nne, kilichogeuzwa kikae kama almasi kati ya mkono na ubavu, huuongezea mkono nafasi mahali hasa unapoihitaji bila kuipanua nguo nzima. Isitoshe, kwa kuwa badani na mikono ni vipande vya mistari iliyonyooka, na taharizi mbili zinaweza kutolewa kwenye mstatili mmoja uliogawanywa kwa mkato wa mshazari, masalio ya kitambaa huwa machache sana. Leo wabunifu wa miji mikubwa ya Ulaya huiita njia hiyo uvumbuzi wa kulinda mazingira, jambo ambalo mshona kanzu wa Lamu au wa Unguja angelisikiliza kwa adabu na kuendelea na kazi yake.

Lugha ina zaidi ya hayo. Ina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa na ambazo hazivutiki kwa urahisi. Ina mshindio, yaani nyuzi zinazopita upande kwa upande. Na ina neno hanamu, linalotaja mkato unaokwenda mshazari kati ya mtande na mshindio, ambapo kitambaa hulegea na kuvutika kuliko mahali pengine popote. Maneno hayo matatu ndiyo msingi wa kuelewa kwa nini nguo huning'inia inavyoning'inia. Pamoja na utajiri huo, mwanafunzi wa ushonaji mara nyingi hukabidhiwa orodha ya istilahi za Kiingereza ambazo huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha mlangoni, kwa sababu akirudi mezani hakuna anayezitumia. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar yanaweza kuombwa kukaa na washonaji wa kanzu, wakataji wa suti na walimu wa vyuo ili kutoa msamiati wa fani hii, ukianzia kwenye maneno yaliyopo na kuazima pale tu panapopungua. Kazi hiyo itahitaji vikao vichache, na huenda ikawa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote za ombi hili.

Ugumu wenyewe umo kwenye meza ya kukatia, na haufai kuelezwa kwa juujuu. Uchukuliwe mfano wa sketi ya mwavuli, yaani sketi iliyokatwa kwa duara kamili, ambayo kila fundi wa mtaani huagizwa kushona. Mteja ana kiuno cha sentimita 72. Kanuni ya duara inayofundishwa shuleni inasema kwamba nusukipenyo cha tundu la kiuno hupatikana kwa kugawa mzunguko kwa pai mara mbili, yaani 72 kugawanya kwa 6.28, na jibu ni karibu sentimita 11.5. Fundi aliyejifunza kwa kuangalia hugawa kwa sita tu, kwa kuwa hesabu hiyo hufanyika kichwani, akapata 12, akakunja kitambaa mara nne, akashika ncha ya futi kwenye pembe ya mkunjo, na kwa kipande cha sabuni iliyokauka akachora tao. Duara la nusukipenyo cha sentimita 12 lina mzunguko wa sentimita 75.4, kwa hiyo kiuno kimezidi kwa zaidi ya sentimita tatu kabla mkasi haujaingia. Kinachofuata ni kibaya zaidi, kwa sababu ukingo wa tundu hilo hupita kwenye hanamu katika sehemu nne za duara, na sehemu hizo huvutika kila kitambaa kinaposhikwa, hata fundi anapofika kwenye ukanda wa kiuno hukuta ziada ambayo hawezi kuieleza, akaikunja marinda madogo na kumwambia mteja kwamba ndio mtindo wa sasa.

Mchora violezo aliyefunzwa hufanya tofauti. Huchora nusukipenyo pungufu kidogo ya 11.5 kwa sababu anajua hanamu italegea. Hushona mstari wa uzi kuzunguka tundu mara tu baada ya kukata ili lisiendelee kupanuka. Kisha huitundika sketi usiku kucha kabla ya kusawazisha pindo la chini, kwa kuwa sehemu za hanamu zitashuka kuliko zile zilizofuata mtande. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayohitaji mashine ya gharama, ila zote zinahitaji mtu aliyeelezwa sababu, wala si mtu aliyeambiwa agawe kwa sita.

Kutoka kwenye sketi, mafunzo yanapaswa kupanda hadi kwenye kiolezo cha msingi, ambacho ni kiolezo cha mwili usio na mtindo wowote: badani ya mbele, badani ya nyuma na mkono, vikiwa vimebana kiasi cha kumruhusu mvaaji kupumua na kukaa tu. Kiolezo hicho ndicho mzazi wa mishono yote. Ndani yake kuna dati, yaani mkunjo wenye umbo la kabari unaoshonwa upande wa ndani ili kitambaa bapa kijae kifuani na kupungua kiunoni. Na siri kubwa ya fani ni kwamba dati inaweza kuzungushwa kwenye ncha yake ikahamia begani, kwapani, ubavuni au shingoni, au ikamezwa ndani ya mshono, bila kubadili jinsi nguo inavyoukaa mwili. Mwanafunzi aliyeelewa mzunguko huo anaweza kuutazama mshono wowote kwenye picha na kuurudisha kuwa karatasi. Asiyeuelewa atahitaji nguo ya mtu mwingine ya kufumua na kuiga, na hiyo ndiyo njia inayotumika kwenye vibaraza vingi: shati la mtumba hufumuliwa, vipande hulazwa juu ya kitambaa kipya, na makosa yote ya shati la kwanza, pamoja na mabega yaliyochongwa kwa ajili ya mwili wa nchi nyingine, hurithishwa kwa la pili.

Mkono wa nguo unastahili wiki kadhaa peke yake. Kilele cha kiolezo cha mkono huwa na mzunguko mrefu kidogo kuliko tundu la kwapa linaloupokea, na ziada hiyo hugawanywa kwa uzi wa kuvuta ili mkono ujae kwa mviringo juu ya bega. Mzunguko huo ukiwa mrefu sana koti huvimba begani, na kimo cha kilele kikizidi mvaaji hawezi kushika bomba la daladala bila kuivuta nguo yote. Hapa ndipo nguo ya majaribio inapoingia, ambayo hushonwa kwa kitambaa rahisi kabla ya kile cha kweli. Mafundi wa zamani waliitumia merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopewa jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani, na hadi leo hakuna kitambaa kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo, kwa kuwa hakivutiki ovyo na kinaandikika kwa kalamu. Chuo kinachomruhusu mwanafunzi kukata kitenge cha mteja bila kupitia merikani kinamfundisha kubahatisha.

Baada ya hapo huja kazi ya kupanga saizi, yaani kukipandisha na kukishusha kiolezo kimoja kiwe familia ya violezo. Wengi hudhani kwamba kazi hii ni kuongeza kote kwa kipimo kilekile, kama picha inavyokuzwa, ilhali mwili haukui hivyo. Tofauti kati ya saizi moja na inayofuata ikiwa ni sentimita 4 kwenye mzunguko wa kifua, kila robo ya kiolezo hupokea sentimita 1, lakini bega hupokea milimita chache tu, kwa sababu mtu mzima akinenepa mifupa yake hairefuki. Kwa mtoto hesabu hugeuka, kwa kuwa yeye hukua kwa urefu kwanza, na gauni lililopanuliwa kwa kanuni ya watu wazima humfika magotini kabla ya wakati huku likimpwaya ubavuni.

Swali la saizi linaleta swali jingine ambalo vyuo peke yake haviwezi kulijibu: ni vipimo vya nani? Kati ya mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilisimamia upimaji wa karibu wanawake 15,000, kila mmoja akichukuliwa vipimo 59, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1941 na kuwa chimbuko la majedwali ya saizi yaliyofuata nchini humo. Wanawake wasio weupe waliopimwa hawakuhesabiwa katika matokeo hayo. Majedwali yanayofundishiwa Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni ya vitabu vya Ulaya na Marekani, na mwalimu anayechora kiolezo cha nyonga kwa majedwali hayo hujikuta akikirekebisha kwa kila mwanafunzi wa kike aliye darasani mwake, akadhani miili ndiyo yenye hitilafu. Shirika la Viwango Tanzania, kwa kushirikiana na vyuo, lina njia nyepesi ya kuanzia, nayo ni sare za shule. Watoto wapo mahali pamoja, umri wao unajulikana, na nguo wanayovaa ni ileile nchi nzima kwa mapana yake. Wanafunzi wa fani inayoombwa hapa wangepewa kazi ya kupima, kwa ridhaa ya wazazi na kwa utaratibu mmoja ulioandikwa, na baada ya miaka michache kungekuwa na jedwali la kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono na urefu wa mguu kwa kila umri. Kwa sasa mzazi hununua saizi mbili mbele akitumaini mtoto ataifikia nguo, na nguo hiyo huwa imekwisha kuchakaa kabla mtoto hajaifikia.

Kuhusu viwanda, historia inaeleza mengi kwa maneno machache. Baada ya Uhuru nchi iliwekeza kwenye uzi na kitambaa: kiwanda cha Urafiki kilianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa ushirikiano na China, na Mwanza na Musoma nazo zikapata viwanda vyake. Kusokota, kufuma na kutia rangi vilijengewa majengo, wahandisi na mafunzo. Kukata kuliachiwa vibaraza. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 ilipofungua soko la nguo lisilo na ushuru, na maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje yalipoanzishwa, kama lile la Athi River nchini Kenya na lile la Benjamin William Mkapa lililoko Mabibo, kazi iliyokuja mara nyingi ilikuwa ya aina ambayo wenye biashara huiita kata, shona, maliza. Mnunuzi wa ng'ambo huleta muundo, huchagua kitambaa, na hutuma violezo vikiwa tayari kwenye faili la kompyuta, hivyo kinachonunuliwa hapa ni dakika za cherehani. Kiwanda kisicho na mchora violezo hakiwezi kumpa mnunuzi sampuli yake chenyewe, na kisichoweza kutoa sampuli hakina la kusema bei inapopangwa. Upungufu huo haukusababishwa na vyuo, na mshahara wa cherehani haupaswi kudharauliwa, kwa kuwa umelisha nyumba nyingi. Lakini viwanda vitaendelea kuagiza wachora violezo kutoka nje kwa kadiri ambavyo havitawapata ndani.

Faida nyingine ya fani hii huonekana kwenye kitambaa chenyewe, ambacho katika nguo za kawaida huwa ndicho gharama kubwa kuliko zote. Jambo hilo lilieleweka zamani: mwaka 1580 mshonaji wa Kihispania Juan de Alcega alichapisha mjini Madrid kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni michoro ya jinsi ya kulaza vipande vya nguo juu ya kitambaa ili kisipotee. Leo mpangilio huo ndio unaoitwa ramani ya kukatia. Gauni linalotumia mita mbili, likipangwa upya likapunguza asilimia tano tu, huokoa sentimita 10, na oda ya magauni elfu moja huokoa mita 100, ambazo ni sawa na majora kadhaa kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo. Kwa vitambaa vya kwetu kazi hudai akili zaidi, kwa sababu kitenge chenye ndege au maua yanayotazama upande mmoja hakiruhusu kipande kugeuzwa kichwa chini, na khanga ina pindo, mji na jina, kila kimoja mahali pake. Si mara moja limeonekana gauni la khanga ambalo pindo limekwenda kombo ubavuni na msemo umekatwa katikati na mshono, nusu yake ikisomeka mbele na nusu nyingine ikiwa imekaliwa.

Mafunzo yenyewe yanaweza kupangwa bila kubomoa yaliyopo. Mfumo wa Tuzo za Taifa za Ufundi Stadi una ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na fani ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo tayari inafundishwa. Busara ni kumwacha kila mwanafunzi ashone kwanza, kwa kuwa anayechora bila kujua mshono unavyotenda chini ya sindano huchora vitu visivyoshoneka, kisha baada ya ngazi ya kwanza njia zigawanyike: anayependa cherehani aendelee na cherehani, na anayependa meza apewe meza. Mwaka mmoja hautatosha kwa njia hiyo ya pili. Miwili ingefaa, ule wa pili ukitumika kwa sehemu kubwa kiwandani au kwenye karakana ya fundi anayekata kwa oda. Vifaa vyake ni vya bei ndogo kuliko vya fani nyingi za ufundi: meza pana yenye urefu wa kufika kiunoni, karatasi ngumu, rula ya pembe mraba, rula ya tao, futi isiyovutika, na wanasesere wachache wa kutundikia nguo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 na vilivyosambaa hadi wilayani, vingeweza kuibeba ngazi ya mwanzo bila shida.

Kompyuta ije, lakini ije baada ya karatasi. Programu zinazotawala viwandani, kama zile za Lectra ya Ufaransa, kampuni iliyoinunua Gerber ya Marekani mwaka 2021, ni za gharama kubwa, na chuo kinachozisubiri kabla ya kuanza kitasubiri sana. Zipo programu huria kama Seamly2D, ambazo hazilipiwi, na ambazo zinamlazimu mwanafunzi kuandika kanuni ya kila mstari badala ya kuuburuta kwa macho. Kwa darasa, huo ni uzuri wake. Mtu asiyejua kwa nini kwapa la mbele huchimbwa zaidi kuliko la nyuma hatafundishwa na skrini.

Walimu watatoka wapi? Hapa ndipo ombi hili linapowahusu VETA kwa namna ya pekee, kwa kuwa Mamlaka hiyo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi. Wapo wakataji wa suti wenye miaka thelathini mezani, wapo washona kanzu wanaojua taharizi kwa vidole, na wapo waliofundwa na mafundi wa Kihindi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ambao karakana zao zimefungwa. Wengi wao hawana cheti, na baadhi hawapendi kuandika, kwa hiyo wakitakiwa kwanza wawe na stashahada ya ualimu hawatakuja, na watakapoondoka wataondoka na violezo vyao. Mwalimu kijana mwenye cheti akae darasa moja na fundi mzee asiye nacho, mmoja akieleza kanuni na mwingine akisahihisha mkono, na wote wawili walipwe. Upande wa fedha, waajiri tayari hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na wenye viwanda vya nguo wana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya tozo hiyo inayowarudia kwa sura ya mtu anayejua kuchora. Wao nao wana deni: hawajasema kwa sauti moja wanahitaji wachora violezo wangapi na kwa mshahara gani, na chuo hakiwezi kufundisha kwa kunusa.

Litaulizwa pia kama ajira zipo. Kwenye viwanda pekee, kwa sasa, ni chache. Lakini mchora violezo hahitaji kiwanda ili aishi. Anaweza kuwauzia mafundi ishirini wa mtaa mmoja violezo vya sare za shule vya saizi kumi, vilivyokatwa kwenye karatasi ngumu na kutobolewa tundu la kutundikia ukutani. Huko Marekani Ebenezer Butterick alianza hivyo mwaka 1863, kwa violezo vya karatasi vyenye saizi tofauti, na biashara hiyo ikaenea hadi nje ya nchi yake. Mafundi wa Mwanjelwa na wa Mwanakwerekwe hawana sababu ya kila mmoja kukisia upya shati la darasa la tatu.

Limebaki jambo la mtihani, ambalo barua hii inaliwekea uzito kwa sababu namna ya kutahini ndiyo inayoamua namna ya kufundisha. Karatasi ya maswali inayomtaka mtahiniwa ataje sehemu saba za kiolezo haimjui mchora violezo. Inapendekezwa mtahiniwa aletewe mtu wa kweli, si mwanasesere, na ikiwezekana awe na bega moja lililoshuka kuliko jingine kama walivyo watu wengi. Ampime, achore, ashone nguo ya majaribio kwa merikani, arekebishe, kisha atoe violezo kamili vya saizi tatu pamoja na ramani ya kukatia juu ya mita mbili na nusu za kitenge chenye maua yanayotazama juu. Violezo hivyo akabidhiwe mshonaji wa chuo kingine ambaye hajawahi kumwona, na mtahiniwa asubiri nje. Mshonaji asiruhusiwe kutoka kwenda kumuuliza kitu. Akimaliza, aliyepimwa aivae nguo, akae kwenye kiti, ainue mikono yote miwili, na mtahini aangalie kwapa.